Kaka kaacha nipa tangu msimu wa salfa, na hela za korosho ziko njiani. Niongee naye vipi?

Cherehani_Newala

Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri, ila wenye kejeli wapite tu, za sokoni zinanitosha.

Nina kaka yangu, mkubwa wangu, ameshapita arobaini. Kanywa nipa, hii pombe kali inayopikwa kwa mabibo, matunda ya mkorosho, tangu ujana, na miaka ya karibuni alikuwa hawezi kugusa chakula mpaka kwanza apate ya asubuhi. Mkewe alichoka, akachukua watoto akarudi kwao Luagala. Mwaka huu, watu wakiwa mashambani wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, kaka akaamua kuacha mwenyewe, bila kumwambia mtu. Siku ya pili akaanguka degedege hapa uani. Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali, wakamlaza, wakamtibu, akarudi akiwa mtu. Tangu hapo anakaa kwangu Newala mjini, na kwa ninavyojua hajaonja.

Shida iliyopo ni kwamba hatuongei. Yaani maneno yapo, lakini kila ninalosema linaishia kule kule. Akichelewa kutoka msikitini, ulikuwa wapi. Akiingia, namsogelea kama nampokea mfuko kumbe namnusa. Anajua. Juzi aliweka mfuko chini, akaniletea uso karibu kabisa, akasema, "Nusa, mdogo wangu, nusa uridhike." Akaenda kulala bila kula, na mboga ilikuwa kisamvu cha nazi, chakula ambacho huwa hakiachi hata kidogo.

Tulipoambiwa anahitaji ushauri nasaha alikubali, akaenda. Kijana aliyemkuta huko (pahala sipataji) alimhubiria mlango ukiwa wazi, watu wako kwenye benchi wanasikia, akamuuliza mtu mzima kama yeye haoni aibu. Hakurudi tena. Mimi pia nisingerudi.

Sasa mabibo yameanza kudondoka. Wenyeji mnajua mji unavyonukia msimu huu, na nyuma ya nyumba yetu kuna mama anapika nipa. Mnada wa kwanza wa korosho umepita, AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanasema malipo yataingia benki muda wowote. Shamba la Kitangari ni la urithi, fungu lake ni lake na akaunti ni yake. Mjomba anataka aitishe kikao cha ukoo, kaka anyang'anywe kadi ya benki mbele ya watu. Naona tukifanya hivyo tumempoteza. Tukikaa kimya, nako naogopa.

Mtu anaongea vipi na mtu mzima anayetoka kwenye ulevi, bila kumfanya mtoto na bila kujifanya huoni? Mnaofanya kazi hii, au mliopita njia hiyo, nipeni maneno yenyewe. Nadharia sizitaki.

Mkulima wa Nanyamba

Dada, mjomba wako yuko sahihi. Mlevi hana akaunti. Chukua kadi na namba ya siri, yeye mpe hela ya sabuni. Halafu kuna dawa zinauzwa siku hizi, unamwekea kwenye chai bila yeye kujua, akigusa pombe tu anatapika mpaka nyongo. Jirani yangu kafanya hivyo. Hawa watu huruma ndiyo inawamaliza.

Kuchele_Chuno

Mkulima, mimi ni mmoja wa "hawa watu", ngoja nijibu.

Sikuwa wa nipa, nilikuwa wa unga, yaani heroini. Nilitoka Mtwara kijana kwenda Dar kutafuta maisha, nikayapata ya maskani, Kinondoni. Sikudanganyi dada, walionihurumia na walionitukana wote niliwaibia sawasawa. Upole peke yake haukunitoa. Kilichonitoa ni methadoni, ile ambayo Muhimbili walianza kuitoa 2011, halafu zikafunguliwa kliniki nyingine. Unakwenda kila siku, iwe Jumapili iwe Idi, unakunywa dozi mbele ya muuguzi. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, inakata, kichwa kinarudi mahali pake. Walinipunguzia kidogo kidogo muda mrefu mpaka nikamaliza, ndipo nikarudi nyumbani. Sasa naendesha bodaboda hapa Chuno.

Ila dozi unaimeza mara moja tu, na siku nzima inakusubiri nje. Hapo ndipo yule dada mnasihi wa kliniki alikuwa na maana. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Jana umelala wapi?" Nilimtazama kama ananitega. Kwa miaka, waliowahi kuniuliza nimelala wapi walikuwa polisi. Nikamwambia, kwenye uchochoro nyuma ya gereji. Akauliza kama mbu walikuwepo. Basi, tukaongea mbu. Wiki nzima unga hakuutaja, niliutaja mwenyewe.

Kwa hiyo dada, kabla ya maneno, angalia saa. Kaka yako saa kumi na moja jioni anafanya nini? Hiyo ndiyo saa ya watu kukutana kilabuni, na mwili wake unaijua bila kuangalia ukutani. Mpe shughuli saa hiyo hiyo, tena ya maana. Usimtume chumvi dukani kama mtoto. Kitanda chake kama kiko upande wa huyo mama anayepika, kihamishe leo. Sitanii. Harufu usiku inaongea na mtu.

Na atafute mwenzake. Wale walevi wa AA, wale wa Marekani wanaosaidiana kuacha, walianza 1935 wakiwa watu wawili, mfanyabiashara na daktari, na mpaka leo wanasema wawili watatu wakikaa pamoja wanatosha kuitwa kikundi. Sisi tuko wanne. Tunakutana Shangani, tunakula ngisi, tunasemana ukweli, hatuna bango wala mwenyekiti. Akishuka Mtwara anakaribishwa, hata kama ni wa nipa.

Wenye ndugu wa unga au bangi mnaosoma hapa, ile Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba 119, haitozi. Ulizeni kliniki na nyumba za upataji nafuu huko, msiulizie vijiweni.

Nesi Mstaafu Masasi

Mwanangu Cherehani, marahaba. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa kwenye chumba cha ushauri nasaha, kwanza wa VVU, baadaye wa ulevi. Naanza na la Mkulima kwa sababu linaweza kuua.

Dawa anayoisema, kama ni yenyewe, inaitwa disulfiramu. Ni dawa halali na imetibu walevi tangu mwisho wa miaka ya 1940. Inalizuia ini lisimalize kazi ya kuvunja pombe, sumu inajaa kwenye damu, mtu uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inaweza kushuka ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa hapo hapo. Ndiyo maana mtu hupimwa kwanza, akaelezwa, akakubali mwenyewe. Kumwekea kwenye chai ni kumtega. Na siku akijua, hatakunywa chai yako tena wala hatakuamini kwa lolote. Hizo za kuuziana kwa kificho sizisemi, ndani mna nini anajua aliyezifunga.

La pili. Kaka yako akirudi kunywa siku kadhaa mfululizo, msimkatize ghafla nyumbani, na msimfungie chumbani kama wengi wanavyofanya. Degedege la kuacha pombe huja mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Baadaye kidogo, siku ya pili mpaka ya nne, mtu anaweza kuchanganyikiwa, anaona wadudu ukutani, anajibizana na wasiokuwepo, mwili unatetemeka na jasho linamtoka. Huku kwetu watasema majini, apelekwe kwa mganga. Huyo ni wa hospitali, na haraka. Wanampa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa mpango, wanampa vitamini B1, wanamchunga usiku kucha. Aliyewahi kuanguka mara moja yuko karibu zaidi kuanguka tena. Kuchele, arosto ya unga ilikutesa, naamini, lakini ya pombe ndiyo huondoka na watu.

Sasa maneno uliyoyaomba.

Yupo mwanasaikolojia Mmarekani, William Miller, alianza 1983 kuandika jinsi ya kuzungumza na walevi bila kuwabana. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakatoa utafiti ambao tulielezwa semina moja: kadiri mnasihi alivyozidi kumkabili na kumsuta mteja, ndivyo mteja alivyozidi kunywa mwaka mmoja baadaye. Semina nzima tulitazamana. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake kichwani. Mtu mzima ukimwambia "acha", ulimi wake unatafuta sababu za kuendelea, hata kama moyoni alishaamua kuacha. Basi sababu zitoke kwake. Kazi yako ni kuuliza, na kumrudishia alichosema ili ajisikie mwenyewe.

Ile "ulikuwa wapi" iache. Sema, "Leo ilikuwaje?" Halafu nyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi mnaposhindwa. Akisema "ngumu", usikimbilie "vumilia, Mungu yupo". Mungu yupo na anamjua kuliko wewe. Mrudishie tu, "Ngumu kuliko jana?" Ataendelea. Siku akiwa ametulia muulize nipa ilikuwa inamsaidia nini. Watu wanaliogopa swali hilo, wanadhani unaisifu pombe. Mimi nilimuuliza mvuvi mmoja aliyekuwa ameletwa na ndugu zake zaidi ya mara moja. Akasema anakunywa ili alale, kwa sababu akifumba macho anamwona mwanawe aliyezama. Ndugu walikuwa wamepigana na chupa miaka yote, msiba hakuna aliyeugusa. Tukaanzia kwenye msiba. Pombe tulikuja kuizungumzia baadaye sana, na yeye ndiye aliyeileta.

Kunusa, acha. Lakini usiache kimyakimya, mwambie. Sema hivi: "Kaka, nimekuwa nakunusa, kwa sababu nilikuona ulivyoanguka uani na bado naogopa. Sitafanya tena. Naomba siku ukinywa uniambie mwenyewe, na mimi sitapiga kelele." Halafu utimize, mwanangu. Akikuambia ukapiga kelele, hatakuambia tena.

Na siku hiyo inaweza kuja. Taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti dawa za kulevya inaweka wanaorudia kwenye asilimia 40 mpaka 60, inawalinganisha na wagonjwa wa presha na pumu wanaoteleza kwenye masharti. Wa presha akila samaki wa chumvi hatumwitii kikao cha ukoo. Muulize leo, akiwa mzima, "Ikitokea, nikufanyie nini asubuhi yake?" Atakujibu vizuri kuliko sisi wote hapa.

Hela. Huruma haina maana ya kufumba macho. Kabla mjomba hajaita mtu, muulize kaka mwenyewe: "Zikiingia unataka ziende wapi, na unaogopa nini?" Wengi wanaijua hatari yao kuliko tunavyodhani. Anaweza hata kuomba kadi ikae kwako, na kuomba ni mbali sana na kunyang'anywa. Na wewe useme yako waziwazi. Deni la pombe hulilipi. Akija amelewa atalala, mazungumzo asubuhi. Ukishasema, usibadilishe kila ukimwonea imani.

Mjomba msimruke, kwetu huku haiwezekani. Nendeni wawili nyumbani kwake mkiwa mmeshaelewana, mumwombe awe shahidi. Mzee akipewa kazi hatafuti nyingine.

Na yule kijana mhubiri asije akawa ndiye ushauri nasaha wote machoni pa kaka yako. Ombeni mnasihi mwingine, mlango ukiwa umefungwa. Siri ya mteja ni haki yake, hapewi kama zawadi.

Mkulima wa Nanyamba

Sawa. Ila nyie wa hospitali mna maneno mengi.

Cherehani_Newala

Mama, nimefanya. Nilingoja tukiwa uani tunabangua korosho za kula wenyewe, yeye anagonga kwenye jiwe, mimi natoa maganda. Mikono ikiwa na kazi macho hayakutani, ikawa nafuu kwangu pia. Nikamwambia la kunusa, karibu neno kwa neno kama ulivyoandika. Akaendelea kugonga. Korosho zikaanza kutoka vipande vipande, na huyu mtu hata alipokuwa amelewa alikuwa anazitoa nzima. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uliseme."

Kitanda tumeshakihamisha, Kuchele. Alicheka, akasema huyo aliyekushauri anajua.

Kwenye hela nikauliza anaogopa nini. Nilijua atasema harufu, au marafiki. Anaogopa daftari. Yule mama wa nyuma anamdai nipa ya mkopo ya msimu uliopita, imeandikwa kabisa, ilipwe korosho zikitoka. Wawili wengine wako Kitangari. Akienda kulipa atakaribishwa kikombe, na kukataa kikombe cha mtu uliyetoka kumlipa ni kama kumtukana. Asipokwenda watakuja wao, watasemea hapa mlangoni. Kumbe tangu hospitali analiwaza hili usiku, na mimi nikisikia anageuka kitandani nilikuwa nafikiri ni kiu.

Kadi kasema mwenyewe ikae kwangu, namba ya siri abaki nayo. Kwa hiyo kutoa hela lazima twende wawili. Kwa mjomba tunakwenda kesho.

Swali langu: mama umesema deni la pombe nisilipe. Hili ni hela zake, ila anataka mimi ndiye nizipeleke. Nipeleke?

Kuchele_Chuno

Usipeleke, atume kwa simu. Meseji inabaki kama ushahidi na kwenye simu hakuna kikombe cha shukrani. Akishatuma, namba afute. Wa Kitangari pia hivyo hivyo, siku moja wote, asije akawa na wa kumkumbuka wiki ijayo.

Nesi Mstaafu Masasi

Kuchele kasema. Simu ishikwe na yeye, wewe kaa karibu. Niliposema hulipi deni nilimaanisha mfuko wako. Kulipa kwake mwenyewe akiwa na akili zake kutamjenga, usimwondolee. Huyo wa nyuma akisema hapokei kwa simu, anataka taslimu, basi aende mjomba, tena mchana, na asimame mpaka mstari wa kaka yako ukatwe kwenye daftari. Nilikuwa namtafutia mzee kazi, imepatikana.

Tena muulize kama kuna cha watoto wa Luagala kwenye hesabu yake. Usimshauri, muulize tu.

Mkulima wa Nanyamba

Mama nesi, kuna kitu nauliza, kwa ajili ya yule jirani. Tuseme mtu ameshawekewa hiyo ya kwenye chai, wiki hivi. Na mtu mwenyewe ana harusi Jumamosi. Ikiachwa leo si inaisha?

Nesi Mstaafu Masasi

Haiishi. Kama ni disulfiramu, inaweza kukaa mwilini mpaka wiki mbili baada ya kumeza ya mwisho, kwa hiyo Jumamosi akionja hata kidogo inaweza kumwangusha. Huyo jirani yako amwambie ndugu yake leo, kabla ya jua kuzama, amtake radhi baadaye. Waende hospitali wakiwa na pakiti ya hiyo dawa, au kama hakuna pakiti basi vidonge vilivyobaki, waseme amepewa kiasi gani na tangu lini. Akianza kubanwa kifua au kuishiwa nguvu wasingoje gari la asubuhi.

Mkulima wa Nanyamba

Haya. Nampigia sasa hivi.